Siku yangu moja: watoto 43, tope la mikoko na maji yanayorudi

Saa 10 na nusu alfajiri nishaamka. Kabla hata ya kuswali nachungulia kalenda ya maji niliyoibandika nyuma ya mlango, maana kazi yangu yote inaendeshwa na maji, si na saa ya ukutani. Mwezi una siku 15, bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yameshajaa alfajiri hii na yatakupwa kabisa kwenye saa 4 na robo asubuhi. Kwa hiyo nina kama saa mbili kabla na saa mbili baada. Nje ya hapo pale ninapofundishia panakuwa bahari.

Mie ni mwalimu wa mazingira. Nafundisha watoto wa skuli za msingi kwa vitendo kwenye mikoko ya Pete na msitu wa Jozani, huku Unguja kusini. Watu wakisikia hivyo wanasema aah, we kazi yako kuwatembeza watoto. Juzi tu shangazi yangu kaniuliza lini ntapata kazi ya kweli. Ndo nimeamua niandike siku yangu ya jana yote, ilivyokwenda.

Saa 12 niko njiani na ndoo mbili, kamba nane nilizofunga za mraba, kila upande mita moja, lenzi za mkononi, sanduku la dawa na maji ya kunywa. Mbegu za mkoko tuliziokota jana yake na vijana wawili wa kijijini, 120, tumezilaza kivulini tumezifunika magunia yenye maji. Kwa asiyezijua, mbegu ya mkoko hailingani na mbegu nyengine, inaota ikiwa bado iko juu kwa mama yake, inakua inaning'inia mpaka inapita urefu wa rula ya skuli, ya kijani, chini imechongoka, halafu ndo inaanguka. Ikianguka maji yamekupwa inaweza kujichoma palepale kwenye tope, ikiangukia maji inaelea mpaka ipate pa kushika. Mie nina miaka kadhaa kwenye kazi hii na bado nikiishika mkononi nafurahi.

Saa 2 asubuhi ndo tumekubaliana basi la skuli lifike. Darasa la nne, watoto 43 kutoka mjini, na walimu wawili. Saa 2 na nusu hakuna kitu. Saa 3 napiga simu, mwalimu ananambia tunatoka sasa hivi. Sasa hivi! Kutoka mjini mpaka Jozani ni kama kilomita 35, na dereva lazima atie mafuta, na watoto lazima wahesabiwe. Nimekaa kwenye daraja la mbao naangalia tope linavyozidi kuwa wazi, kaa wanatoka kwenye mashimo yao, ndege wanatembea, kila kitu nilichotaka kuwaonesha kipo pale mbele yangu na watoto hawapo. Roho iliniuma kwelikweli. Daladala la 310 limepita mara mbili mbele ya kituo na basi langu bado.

Saa 4 na dakika 10 wakafika. Wanaimba, wameng'aa, mashati meupe, soksi nyeupe, wasichana na mitandio meupe. Nilipoziona zile soksi nikajua.

Wiki mbili kabla nilipeleka barua, nikaandika kwa herufi kubwa, nguo za zamani na nguo za kubadilisha. Barua haikuwafikia wazee wa watoto. Mwalimu mkubwa, mama wa makamo, nikamsalimia shikamoo mwalimu, akaitikia vizuri tu, halafu akanambia watoto hawavui viatu. Wataangalia kutoka darajani na wataandika. Alishawapangia, kila mtoto ana daftari, waandike maana ya mikoko, faida tano za mikoko, hasara za kukata mikoko.

Nikamwambia mwalimu, hizo faida tano watazipata hata darasani, hapa wamekuja kushika. Akanambia, mwanangu, mie ndo nitakaeulizwa na wazee wao kesho, sare moja ya mtoto unaijua bei yake wewe? Na hapo nikanyamaza kidogo, maana ana haki. Mama anaefua sare ya pekee ya mwanawe usiku ili ikauke asubuhi siwezi kumwambia tope ni elimu. Lakini maji yanakwenda. Tunajadiliana pale na mie nayaona kwa jicho la pembeni, mfereji wa katikati umeshatulia, haushuki tena.

Mwishowe akakubali wavulana wakunje suruali wavue viatu washuke. Wasichana wabaki juu, magauni marefu yataharibika.

Hapo ndo nilipochoka, na sijafanya kazi yoyote bado. Wasichana walikuwa 24. Zaidi ya nusu ya darasa. Na huku kwetu nani anaeshuka pwani maji yakikupwa? Wanawake. Bibi zetu ndo wanaookota kombe na chaza, wanajua kila mfereji, halafu leo mtoto wa kike ndo abaki juu anaandika faida tano. Msichana mmoja mdogo, mfupi kuliko wote, kashika ukingo wa daraja anamuangalia kaa chini yake wala hasemi kitu.

Basi kuna bibi mmoja jirani, alikuwa anatoka pwani na kikapu chake, kasimama anatusikiliza. Akauliza, tatizo ni nguo? Akafungua kanga yake ya juu (alikuwa na mbili) akamvisha yule mdogo juu ya gauni, akamfunga kifuani, akalipandisha gauni kwa ndani mpaka magotini, fundo moja. Akasema haya, huyu tayari, nani mwengine. Akamtuma mjukuu wake mbio kwenye nyumba za karibu, na ndani ya robo saa zimekuja kanga na vikoi vya kila rangi, vyengine vimefubaa kabisa. Mwalimu mkubwa akasimama akaanza kufunga na yeye. Hakusema kitu, alikuwa anafunga tu, mmoja baada ya mwengine. Nami sikusema.

Imefika saa 5 ndo tumekanyaga tope. Nilipanga saa mbili na nusu za kazi, nikabaki na saa moja.

Kwa hiyo nilikata. Hotuba ya utangulizi nikaiacha yote. Nikawapeleka moja kwa moja kwenye mchu, aina nyengine ya mkoko, nikawambia kila mmoja achume jani moja, aliangalie na lenzi, halafu alilambe. Makelele! Chumvi! Wengine wakatema, mmoja akalamba la pili ili ahakikishe. Nikauliza chumvi imetoka wapi, ikaanza fujo ya majibu, upepo, bahari, jasho. Yule aliesema jasho nikamshika mkono, maana mchu unanywa maji ya bahari na chumvi iliyozidi unaitoa kupitia majani, kama ngozi inavyotoa jasho. Hilo hawatalisahau, na hakuna daftari lililofunguliwa.

Halafu mizizi. Mizizi ya mchu inachomoza juu ya tope kama penseli zimechomekwa, watoto walidhani ni miti midogo. Nikamwambia mmoja afukue kwa vidole taratibu afuate mzizi unakokwenda, akafukua akafukua mpaka akagundua penseli zote zile ziko kwenye mzizi mmoja unaotambaa chini ya tope. Tope hili halina hewa, ndo maana linanuka kama yai bovu, na mti unapumulia kwa hizo penseli. Wakanusa mikono yao wakaelewa.

Kamba za mraba wakazitandaza wakahesabu mashimo ya kaa. Kundi moja 61. Kundi la pembeni yao 38, wakaanza kubishana nani kakosea, nikawaacha wabishane wahesabu tena, kwa sababu huko kuhesabu tena ndo sayansi yenyewe. Bibi alikuwa kajiinamia karibu nao anawaonesha kaa dume lenye gando moja kubwa na jike asie nalo, na alivyoeleza yeye mie siwezi.

Maji yakaanza kurudi kwenye mifereji, kimyakimya, na povu dogo mbele yake. Hapa huwa nawatoa watoto. Lakini nilimuona kaa mmoja anakusanya tope kidogo kidogo mdomoni mwa shimo lake, nikawaita wote chuchumaeni msipige kelele. Watoto 43 kimya. Akakusanya, akazungusha donge, akaingia ndani, akalivuta donge kama mlango, shimo likazibwa. Kisha mwengine. Kisha wengine watatu. Yule msichana mfupi akauliza kwa sauti ya chini, Mwalimu, nani kawambia maji yanakuja? Nikamwambia wao wanajua maji kwenye mwili wao. Akasema kama bibi. Kweli, kama bibi.

Mbegu tulizipanda mbio. Ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ndani ya tope, usisukume sana, mita moja kutoka kwa mwenzako. Kila mara kuna anaeipanda kichwa chini, nawangojea waone wenyewe kichipukizi kiko wapi. Tulipanda 74. Zilizobaki nikazirudisha ndooni. Wakitoka maji yapo vifundoni kwa walio mwisho, na mie na vijana wawili tuko nyuma tunahesabu vichwa, 41, 42, moyo unadunda, 43. Hakuna anaeona sehemu hii ya kazi. Watoto wa watu, maji yanapanda, bamvua inaweza kupandisha kama mita nne kutoka kukupwa mpaka kujaa. Mpaka nipate 43 mie sipumui vizuri.

Kuoga miguu kwa ndoo, kurudisha kanga, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea, wali, maji. Sikumbuki saa ngapi.

Baada ya chakula nikawapeleka kwa kima punju na sauti ilikuwa inaniishia. Kima hawa duniani kote wako Zanzibar tu. Zamani wakulima wakiamini mti wanaoula kima hawa unakufa, ndo jina punju, sumu. Niliwafunga kila mtoto kidole gumba kwa utepe wa karatasi nikawambia waokote kalamu, wafungue mkoba, wale ndizi, kwa sababu kima punju gumba lake ni kama halipo. Walihangaika na zile ndizi huku juu kima wanatembea kwenye matawi wanakula majani machanga wala hawatujali. Hapo barabarani niliwaonesha matuta, nikawaeleza yamewekwa kwa sababu kima wakigongwa na magari. Mtoto mmoja akaenda mwenyewe mpaka kwa dereva wa basi lao akamwambia ami, hapa pole pole.

Waliondoka baada ya saa 8. Soksi zilikuwa nyeupe. Mwalimu mkubwa kaniaga kwa mkono, akaniomba nakala ya barua, akasema ya mwakani ataipeleka yeye kwa wazee.

Nikarudi darajani kukusanya kamba. Maji yameshafunika, kwa zile 74 kilichokuwa kinaonekana ni ncha chache karibu na ukingo. Nikakaa kidogo, mgongo unauma, kucha zimejaa tope ambalo halitoki kwa siku mbili. Nyumbani nimefika magharibi. Nimefua magunia, nimeandika ripoti, nimerudisha kanga mbili zilizobaki kwa wenyewe. Usiku nikampigia dereva wa skuli ya kesho, kijiji si mbali, watoto 30. Akanambia tutafika saa 3 kama kawaida. Nikamwambia hapana kaka yangu, kesho maji yanakupwa saa 5 kasoro, nakutaka hapa saa 3 kasoro robo na viatu vya watoto vikae ndani ya basi. Akauliza na nguo? Nikamwambia za zamani, na kila msichana aje na kanga.