Tewa wa kwenye beseni

Ami yangu aliniletea tewa akiwa hai, ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa. Bara wangemwita chewa. Alikuwa na sentimita 11, ameingia kwenye dema alilotega karibu na mikoko ya upande wa Manda, kisiwa cha ng'ambo ya mji wetu wa Lamu, na kwa udogo ule hakufaa hata kutiwa mchuzini.

"Tangi lako si liko tupu, mwanangu? Haya, mtie huyu akutumbuize."

Tangi lilikuwa tupu kweli. Samaki wa dhahabu niliowaagiza Mombasa walikufa wote usiku mmoja, stima ilipokatika na pampu ya hewa ikanyamaza. Safari hii sikutaka kutia kiumbe kwanza halafu nianze kufikiri. Tewa nikamweka kwenye beseni kubwa la kufulia, na maji ya bahari, pampu ndogo ya betri na mawe mawili ya kujifichia. Nikajipa siku tatu za kuamua kama nitamfuga.

Siku ya kwanza nusura niamue papo hapo. Nilimtilia kamba mdogo aliye hai. Tewa hakumkimbilia. Alitulia chini ya jiwe, jicho tu likizunguka kama gololi kumfuata. Kamba akajisogeza, akajisogeza tena, mara kinywa kikafunguka na kamba hayupo. Hakuna kuuma wala kutafuna. Ndivyo tewa wanavyowinda: kinywa kikifunguka ghafla, maji huingia kwa nguvu na windo humo humo. Mwanangu alipiga makofi, akataka arudie. Kufikia magharibi alikuwa amempa jina, Bwana Mkubwa, nami nikaona mambo yanaanza kuharibika, kwa sababu nyumbani kwetu samaki mwenye jina haliwi.

Siku ya pili nikatafuta kujua ni tewa gani, maana jamii yao ni kubwa na hawalingani. Yule mwekundu mwenye vidoa vya buluu hukomea sentimita 40 au 50, na mtu mwenye tangi kubwa anaweza kuwaza juu yake. Tewa jitu huweza kupita mita mbili na nusu. Wangu alikuwa wa hudhurungi, mabaka mabaka kama marumaru, na doa jeusi juu ya shina la mkia. Ami aliangalia lile doa akasema wa aina hii amewahi kuwatoa wakubwa hata kuwapandisha kwenye mashua ni kazi ya watu wawili. Vitabu vinampa hadi sentimita 120, na umri wa kupita miaka 40.

Mimi ni fundi cherehani, futikamba haitoki shingoni. Alfajiri nikashuka dikoni, nikamkuta mmoja wa aina hiyo hiyo amelazwa juu ya mkeka. Nikampima mbele ya wachuuzi waliokuwa wakinicheka, wakiniuliza kama namshonea kanzu. Sentimita 83, na unene wa kifua kunishinda kumkumbatia kwa viganja viwili. Nikarudi nyumbani nikapima tangi: urefu 120, upana 45, kimo 45. Kwa urefu angeenea. Lakini samaki hakai kama rula, lazima ageuke, na mwenye sentimita 83 ndani ya upana wa 45 angegeuka kwa kujikunja, pua kiooni na mkia kiooni. Huyo wa dikoni hata hakuwa amefika ukomo wake.

Jamaa yangu wa Mombasa nilipompigia simu aliniambia nisihangaike, eti samaki hukua kulingana na tangi. Nimeyasikia hayo mara nyingi na sikubaliani nayo. Samaki anayedumaa tangini kwa kawaida amedumazwa na maji mabaya na dhiki. Hakuchagua kuwa mdogo. Tewa hufugwa kwa biashara huko Indonesia na Taiwan kwa kuwa anakua upesi, na mla nyama huyu hutoa uchafu mwingi: mabaki ya chakula na uchafu wake huleta amonia, na vijidudu vya kwenye kichujio vinavyoivunja huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi nina chini ya wiki.

Maji nayo. Tangi langu linameza lita 243. Kubadilisha robo kila wiki ni mitungi mitatu ya lita 20, tena si ya kuchota hapa mbele ya mji penye mafuta ya boti, bali ya kubebwa na punda kutoka pande za kijiji cha Shela. Likijaa, maji na kioo pamoja vinakaribia kilo 300, na chumba changu kiko ghorofani, juu ya boriti za mikoko alizoziweka babu yake babu yangu. Mke wangu alitazama dari kutoka chini, akanitazama mimi, akaenda zake jikoni. Stima sina haja ya kuieleza.

Lilibaki wazo la kumlea hadi afike kilo moja kisha tumle. Mwanangu alilia kabla sijamaliza sentensi.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua. Maji yalipojaa tukapanda kidau na ami hadi kwenye ile mikoko alikomtoa. Kama ningemchanganya na samaki wa dukani nisingethubutu kumrudisha, maana angeweza kubeba maradhi ya kigeni hadi baharini, lakini beseni lilikuwa lake peke yake. Nilichovya ndoo majini, nikaongeza maji ya pale kidogo kidogo ili joto lilingane, ndipo nikailaza. Alitoka polepole, akasimama juu ya mchanga, akaingia chini ya mzizi. Jicho likabaki nje, likizunguka.

"Basi," ami akasema, akishika kasia. "Nimekuletea samaki bure, na sasa unanidai nikurudishe naye bure. Nauli ni kofia moja, ya vito."

Vito ni vile vitundu vinavyoshonwa kwa sindano. Nimeianza. Tangini naweka nyuzi na vifungo.