Nilivyompata mpeleka barua wa hadithi yangu

"Mhusika wako amepoa, mtie mbwa wa kumkimbiza." Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu hadithi yangu ya mpeleka barua. Wa pili ulikuwa afungue barua za watu kwa siri. Huu niliufuata, na bado unaniudhi, maana ulinila miezi 2 hivi.

Nilimweka jikoni usiku: birika linafuka, bahasha iko juu ya mvuke, gundi inaachia kidogo kidogo. Nikadhani nimepata. Lakini kila barua aliyoifungua ilimfanya yeye kuwa kizingiti tu. Msomaji alimruka akaenda kwa wapenzi, kwa wadaiwa, kwa mzee mgonjwa, asigeuke tena kumtazama. Nilifuta kurasa 40 na ushei.

Fasihi imezoea kumpita hivyo. Riwaya ya James M. Cain ya 1934, The Postman Always Rings Twice, imembeba kwenye jina, na ndani hayumo kabisa. G. K. Chesterton ndiye aliyeufanya upofu huo kuwa kisa chenyewe. Katika "The Invisible Man", iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa 1911, walinzi wanaapa hakuna aliyeingia, kumbe muuaji kapita mbele yao akiwa mtu wa posta, na maiti kaitoa nje kaificha ndani ya mfuko wa barua. Isome hiyo kabla hujaandika neno.

Kilichonitoa ni kukumbuka kwamba mpeleka barua huzipanga barua kwa mfuatano wa milango kabla hajatoka. Nikakata vikaratasi 30, nikaandika anwani, nikavitandaza sakafuni, nikavipanga, nikavifunga kwa mpira, nikazunguka navyo chumbani nikitoa kimoja kimoja. Bahasha zikabaki zimefungwa. Akawa anasoma nje tu: muhuri wa mji mgeni, kidirisha cha bili, mwandiko wa mama mmoja kwa binti yake, unaotetemeka zaidi kila mwezi.

Hapo akawa mtu! Mwezi mmoja mwandiko ule haukuja. Binti amesimama getini, mkono keshaunyoosha. Yeye tangu alfajiri, alipokuwa akipanga, anajua haumo. Hata hivyo anashusha mfuko, analegeza mpira, anaanza kupekua upya, barua moja baada ya nyingine, polepole.

Mbwa sikumtia.