Zamu yetu ya uji

Leo ilikuwa zamu ya wazazi wa darasa la pili kupika uji shuleni.

Kwa wasiojua: shule za msingi za serikali hapa Tanzania hazina ada, ila chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Kwetu tumekubaliana kila nyumba ichange mahindi na sukari kidogo, halafu tunapokezana jikoni.

Kuni tumewasha asubuhi na mapema. Baba mmoja, fundi baiskeli, ndiye aliyeshika mwiko, na uji wake haukuwa na donge hata moja!

Saa nne kengele ikalia. Foleni ikajaa vikombe vya kila rangi.

Nikamwona kijana mmoja amesimama pembeni, karibu na mwembe. Kikombe amekificha ndani ya sweta.

Kwao hawajachanga mwezi huu, na yeye analijua hilo. Mdogo vile, lakini analijua.

Yule baba hakuuliza kitu. Alimwita tu: "Mwanangu, lete kikombe, uji unapoa."

Akakichomoa polepole, huku ananitazama usoni kama anayesubiri nimkatalie.

Nimemjazia mpaka ukingoni.

Mtoto asibebe deni la nyumbani kwenye foleni ya uji, jamani. Kikao kijacho nitasimama niliseme: tunaoweza tuongeze, kila mtoto anywe.

Wenzangu, shuleni kwenu mnafanyaje kwa watoto ambao kwao hakuna cha kuchanga? Niambieni, kikao ni Jumamosi.