Jinsi nilivyofikia bei yangu ya picha za kupamba, Lamu

Katika misimu yangu miwili ya kwanza ya kupiga picha za harusi na za kupamba, usiku ambao bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake, sikuwa na bei yangu mwenyewe. Niliuliza wenzangu wanatoza kiasi gani, kisha nikashuka kidogo ili niitwe mimi. Kosa hilo lilinidhihirikia nilipokwenda kisiwa cha Pate kupiga picha za harusi ya siku tatu kwa shilingi 15,000. Vyombo vya Pate hupitia mlango wa bahari wa Mkanda, ambao haupitiki maji yakipwa, na chombo cha kurudi kiliondoka gati la Mtangawanda kufuata maji kabla shughuli haijakwisha, nikalazimika kulala usiku mmoja zaidi. Nyumbani nilikaa siku 11 nikichagua na kuhariri picha. Nilipotoa nauli 2,000, ujira wa msaidizi 3,000 na 5,500 za kusafishia picha na albamu, nilibakiwa na 4,500 kwa siku 15, yaani shilingi 300 kwa siku.

Nilinunua daftari nikaanza upya. Kamera na lenzi zangu zilinigharimu 260,000, nami natarajia zinitumikie miaka minne, kwa sababu hewa ya chumvi hula vyuma na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi hata ukizifungia vipi. Harusi ninazopata kwa mwaka hazizidi 20, kwa kuwa Ramadhani hakuna shughuli, na kisha Mfungo Mosi, mwezi unaofuata, zinakuja zote kwa pamoja. Hivyo kila harusi inapaswa kurudisha 3,250 za kamera na lenzi peke yake, kabla sijala.

Hesabu hiyo ilinisaidia mimi, lakini haikumridhisha mteja, na sidhani ilipaswa kumridhisha. Kamera yangu si shida yake. Kilichomgusa ni jambo jingine. Usiku wa kupamba, bibi harusi hukaa juu ya jukwaa katika vito na mauwa, na wanawake waliomzunguka wamevua mabuibui. Simu huzuiliwa mlangoni. Mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuingia na chombo cha kupigia picha, na kila uso uliomo ndani yake ni amana. Kwa sababu hiyo simwajiri kijana wa kiume kunisaidia kuhariri ingawa angepunguza siku zangu kwa nusu, wala sipeleki tena picha hizo kusafishwa dukani, mahali ambapo nisingeweza kujua nani amezitazama. Nilinunua printa yangu mwenyewe, na wino wake ni ghali mno. Hapo ndipo bei yangu ilipopanda hadi 38,000.

Shangazi wa bibi harusi mmoja wa mtaa wa Langoni alinijia na malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi.

“Mwanangu, thalathini na nane kwa picha tu? Mpwa wangu ana simu inayotoa picha nzuri kuliko hizi.”

Nilimkaribisha chumbani ninamofanyia kazi. Nikamwonyesha printa, kisanduku chenye kufuli ninamohifadhi kadi za kamera, na karatasi ambayo mimi na msaidizi wangu wa kike tunaitia saini kwamba hakuna picha itakayotoka bila idhini ya mama wa bibi harusi. Alikipapasa kile kisanduku, akajaribu kufuli kwa kidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo hapana mwanamume atakayeziona?”

“Hapana, shangazi. Na albamu ikishakamilika, kadi nazifuta mbele ya mamake.”

Hata hivyo aliomba punguzo, na ni haki yake. Zamani ningekata bei na kubaki na kazi ileile, jambo lililokuwa likiniumiza na kunifanya nifanye haraka mwishoni. Siku hiyo nilipunguza kazi: albamu ikatoka picha 60 hadi 40, tukaacha kupiga usiku wa hina, na bei ikawa 31,000. Nilimweleza kila kilichoondoka na thamani yake, naye akachagua mwenyewe. Naona huu ndio uungwana kwa pande zote mbili, kwa sababu mteja akiachwa abahatishe, atadhani bei ya kwanza ilikuwa ya kumwibia.

Aliifungua leso pembeni, akahesabu arubuni ya 15,500 juu ya meza, akanitaka niandike pia katika ile karatasi kwamba kadi zitafutwa na yeye akiwapo. Niliandika, tukatia saini sote wawili.