Robo ileile

"Mama mdogo, kwani lazima uhesabu?"

Tangu Jumanne maneno hayo yamenikwama kooni kama mwiba wa perege. Tumehama nyumba, shemeji kapata kazi Dodoma, na mimi bado niko palepale mezani na Bibie, mtoto wa dada yangu.

Swali lenyewe: miraba miwili, kila upande sentimita 10. Kona ya mmoja imewekwa katikati kabisa ya mwenzake, halafu mraba huo wa juu unazungushwa. Eneo linalofunikwa ni kiasi gani? Nikalivamia. Mnajua kazi yangu, nashinda na mahesabu. La darasa la saba litanishindaje? Nikaita pembe x, nikaleta tanjenti, nikajaza kurasa mbili, na kila nikirudia napata jibu jingine. Bibie anatafuna muhogo, ananitazama tu. Ndipo akauliza. Hakunicheka. Afadhali hata angenicheka.

Akakata miraba miwili ya manila, akaishika na pini. Akauweka wa juu sambamba na wa chini: robo, 25. Akauzungusha mpaka pande zake zikapita kwenye kona mbili za wa chini: pembetatu moja kati ya nne, 25 tena. "Na hapa katikati?" nikamuuliza, kwa ubishi. Akapaka wino kipembetatu kilichotoka nje ya ile robo, akakikata, akakipeleka upande wa pili kilikoingia kingine. Kikaenea, hakikuzidi wala kupungua. Kona ya nyuzi 90 vyote vinayo, upande wa sentimita 5 vyote vinao, na pembe ya mzunguko ni moja. "Kinachotoka huku kinaingia kule."

Niliudhika hadi juzi usiku. Umeme umekatika, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kuzungusha vile vikaratasi peke yangu. Nikajiuliza: wa juu ukiwa mkubwa kama mlango je? Ni 25 ileile! Nilicheka kwa sauti mpaka jirani mpya akagonga ukuta. Saa sita hiyo nikamtumia Bibie ujumbe kwa simu ya mama yake. Asubuhi akajibu: "Si ndiyo hivyo?"

Mama alipiga jana jioni, ikakatika kabla sijapokea. Nimempigia mara nne, hapatikani. Na yeye simu haizimi.