Futari ya Gombak, usiku wa fainali

Mwaka 2012 Ramadhani iliingia mwezi wa Julai, na Olimpiki ya London ikaja kuangukia ndani yake. Nilikuwa nasoma Gombak, kaskazini ya Kuala Lumpur, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, ambako Wazanzibari tulikuwepo kiasi kwamba ukitoka sala ya Ijumaa hukosi kusikia mtu anaita "yakhe!" nyuma yako. Futari ya chuoni haikuwa mbaya. Lakini mtu aliyefunga kutwa hataki kufuturu kwenye foleni, kashika trei, mtu mbele yake na mtu nyuma yake. Kwa hivyo mimi na mwenzangu mmoja wa Pemba tukiteremka kwa miguu mpaka kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kelantan, tukala na watu wa mtaani.

Mgahawa nasema kwa heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja cha duka, kimebanwa baina ya gereji ya pikipiki na dobi, viti vya plastiki vimemwagika nje mpaka ukingoni mwa mtaro, mapanka ya dari yanazunguka kwa shida, na televisheni imewekwa juu ya friji ya soda. Menyu hakuna. Vyakula vimepangwa kwenye masinia ya bati. Unachukua sahani, unajipakulia, kisha Mak Cik, ndivyo tulivyomwita sote, kama wanavyoitwa kule kina mama wa rika lake, anaitupia sahani yako jicho moja na kukutajia bei. Kalamu hashiki. Wali, kuku na mboga ilikuwa ringgit 5 au 6, na ringgit moja siku hizo ilikuwa kama shilingi 500 za Tanzania. Mwenzangu alikuwa na imani kwamba kuku akifichwa chini ya wali bei inashuka. Haikushuka hata mara moja.

Kelantan ni jimbo la kaskazini-mashariki, limepakana na Thailand, na sokoni huko wanawake ndio wenye biashara. Soko kuu la mji wa Kota Bharu limepewa jina la Siti Khadija, mke wa Mtume, aliyekuwa mfanyabiashara. Mak Cik alitusimulia hayo kwa majivuno, kwa Kimalei cha polepole alichotuwekea wageni, na palipokwama akamalizia kwa mikono. Mama yake alikuwa akiuza samaki katika soko hilo, na yeye mwenyewe alianza kutaja bei za watu kabla hajaanza skuli.

Ile Jumapili, tarehe 5 Agosti, tuliwahi, maana tulijua baadaye pasingekalika. Lee Chong Wei alikuwa anakutana na Lin Dan wa China kwenye fainali ya badmintoni ya wanaume. Kwetu badmintoni ni mchezo wa watoto kurushiana kinyoya uani, jua likipungua. Kule ndio mchezo wenyewe, ule unaosimamisha kazi. Malaysia ilikuwa haijapata hata dhahabu moja ya Olimpiki, katika mchezo wowote ule. Lee alishafika fainali Beijing mwaka 2008 na huyu huyu Lin Dan akamshinda. Safari hii alikwenda London akiwa ametoka kuumia kifundo cha mguu mwezi wa Mei. Wiki nzima mtaa mzima ulikuwa mtaalamu wa vifundo vya miguu.

Meza zilijaa kabla ya magharibi. Fundi wa ile gereji, Mchina wa kule kule Malaysia, alishusha mlango wake wa bati akaja kukaa meza moja na sisi. Yeye hakufunga, na sahani yake ilikuwa imejaa mbele yake inatoa moshi, lakini hakuigusa. Alikunja mikono akasubiri adhana. Hakuna aliyemwambia asubiri, wala hakuna aliyemshukuru kwa kusubiri, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Nilichokitizama mimi muda wote huo ni kuku. Kule wanamwita ayam percik: vipande vimebanwa kwenye vijiti vya mwanzi, vinachomwa juu ya makaa huku vinapakwa tui zito lililopikwa na vitunguu, tangawizi, mchaichai na pilipili. Wallahi alikuwa kuku wa kupaka. Rangi ndiyo, tui limegandia kwenye ngozi na kuungua pembeni, na ile harufu ya nazi ikidondokea makaa ndiyo ile ile. Pembeni yake palikuwa na bakuli la ndizi za nazi, kama zile za futari ya nyumbani. Nikamwambia mwenzangu, leo tunafuturu Unguja. Akanijibu Unguja nifuturu mwenyewe, yeye anafuturu Wete.

Ikalia adhana kwenye televisheni. Tende, kisha sharubati ya waridi yenye maziwa, kisha mkono kwa kuku.

Sukari! Wakelantan wanajulikana Malaysia nzima kwa kupenda utamu, na lile tui lilikuwa limetiwa sukari guru ya mnazi bila ya huruma. Kwetu kuku wa kupaka anasimama kwa ndimu, thomu na chumvi. Mdomo wangu ulikuwa umeshafika Forodhani, kuku kabakia Kelantan. Alikuwa kitoweo kizuri, na mtu asiyejua wa kwetu angemsifu. Mimi nilimla kama ninayebishana naye, kila tonge namsahihisha. Mwenzangu alimkataa.

Ajabu ni kwamba wali haukunisumbua hata kidogo, na wali wenyewe ulikuwa wa buluu. Unaitwa nasi kerabu: mchele umepikwa kwa maji ya maua ya buluu, juu yake majani mabichi yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, nazi iliyokaangwa na samaki, na yai la chumvi. Sikuwa na wali wa buluu mwengine kichwani wa kuulinganisha nao. Nilikula kwa amani. Siku zile za mwanzo za ugenini nilidhani kitakachonishinda ni vitu nisivyovijua, kumbe hivyo havina ugomvi na mtu. Ugomvi ulikuwa kwenye vile vinavyofanana na vya kwetu na vikakataa kuwa vya kwetu.

Wali huo unamiminiwa budu, yaani dagaa waliolazwa na chumvi kwa miezi mpaka wakageuka mchuzi wa kahawia. Harufu yake nawaachia wenyewe. Mwenzangu aliinusa chupa, akaweka mkono kifuani. "Yakhe, papa huyu! Papa mkavu wa kwetu, kawa maji!" Akamimina mpaka Mak Cik akageuka kutizama. Mpemba aliyekataa kuku aliyefanana na wa kwao kwa kila kitu akawa kaiona Pemba ndani ya chupa ambayo hata watu wa Kuala Lumpur wenyewe wengine huisogeza mbali.

Ndizi alizijia mwisho, naye akaanza nazo vibaya. Tui lilikuwa la hudhurungi kwa ile sukari guru. Akaonja, akasita, akachokora bakuli kwa kijiko, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo.

"Mak Cik, iliki iko wapi?"

Mak Cik hakufahamu. Nikamweleza: kwetu ndizi hizi hutiwa iliki. Akatukazia macho. "Iliki si ya nyama?" Akamwita binti yake kutoka jikoni aje asikie mambo ya Waafrika, wanatia iliki kwenye ndizi. Binti alicheka mpaka akashika mlango. Mwenzangu naye akaliinua lile fundo juu kama ushahidi mahakamani, akauliza nani basi anayepika majani kwenye kitu kitamu. Nilijaribu kusuluhisha. Nikamwambia hilo ni jani la pandan, jamaa ya mkadi wetu, ule unaotiwa kwenye vikuba anavyovaa bibi harusi.

"Kumbe tunamla bibi harusi," akasema, akaliweka fundo ukingoni mwa sahani, akaendelea.

Tukaswali magharibi kwa zamu kwenye chumba kidogo cha sala nyuma ya maduka, tukarudi mbio. London ilikuwa mchana. Ilipofika wakati wa tarawehe wengine waliondoka kwenda msikitini, na wengine, Mungu awasamehe, waliangalia saa, wakaangalia televisheni, wakavuta viti karibu. Sisi tulikuwa katika wanaohitaji kusamehewa.

Lee alichukua seti ya kwanza 21–15. Hapo mgahawa ulikuwa harusi. Mak Cik hakutoka jikoni, alikuwa na hakika kwamba akitizama yeye, Lee atashindwa, kwa hivyo aliosha vyombo na kila kelele ikipigwa akiuliza "Ngapi?", na fundi wa gereji ndiye aliyekuwa akimpelekea matokeo kwa sauti. Seti ya pili Lin Dan alishinda 21–10, na ya fundi ikawa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme. Seti ya tatu sina namna ya kuisimulia. Walikwenda wakifukuzana mpaka ncha, watu wameshikana mabega na watu wasiowajua. Mwenzangu, ambaye kabla ya mwaka ule hakujua hata kinyoya kikidondoka ni pointi ya nani, hakuweza kukaa na mikono mitupu. Kila nikigeuka namuona na bakuli.

21–19. Lin Dan akachomoka mbio kuzunguka ukumbi, na Lee akabaki chini.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi hakumjibu Mak Cik alipouliza ngapi, na hilo likawa jibu. Akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani, akaitizama televisheni kwa mara ya kwanza usiku ule, Lin Dan bado anakimbia.

"Huyo anakula nini?" akauliza.

Fundi akaangua kicheko, na sote tukafuata, na mgahawa ukarudi kuwa mgahawa. Watu wakaanza kulaumu kifundo, refa, hewa ya London. Mak Cik akaanza kuzunguka meza akitaja bei. Yangu akaitaja, nikalipa. Ya mwenzangu akaitaja, mwenzangu akaruka.

"Mak Cik, ndizi bakuli mbili."

"Tatu."

"Mbili! Na ya kwanza sikuipenda."

Mak Cik hakubishana. Aliinama, akanyoosha kidole kwenye ukingo wa sahani yake. Mafundo matatu ya majani yalikuwa yamejipanga pale.

Fundi akayahesabu kwa sauti, kwa Kimalei, polepole, ili na wageni wafahamu. Mwenzangu akatoa pochi.