Afisa mmoja kwa viwanda vitatu

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wazee wa Vingunguti bado wanaiita Barabara ya Pugu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu siku ambazo kila kibarua amefika kazini na kuzigeuza kuwa fedha, na kwa kuwa daftari la mahudhurio lilipita mikononi mwangu kila wiki, nilianza kuona kwamba wanawake wa kitengo cha kufungasha walikosekana kwa mpangilio unaojirudia: hawa Jumanne, wale Alhamisi, na wiki iliyofuata vivyo hivyo. Msimamizi aliandika neno moja tu, "mtoro", akafunga daftari. Aliyenifumbua macho ni mama lishe aliyeuza wali na maharage nje ya geti. Nilipomuuliza mbona Alhamisi wateja wake hupungua, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, leo si siku ya marejesho?"

Marejesho yenyewe yalikuwa ya mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Dada mmoja wa kufungasha alikuwa amechukua shilingi 100,000 mtoto alipougua, kwa sharti la kulipa shilingi 5,000 kila siku kwa siku 30, na alipochelewa wiki ya pili walimbebea godoro na redio. Mkopeshaji wake aliijua zamu yake kuliko msimamizi anavyoijua, akamsubiri getini saa ya kutoka. Siku ambayo hakuwa na fedha aliona heri apoteze ujira wa kutwa kuliko kukutana naye mbele ya wenzake. Kwa hiyo utoro ule, ambao kiwanda kilikuwa kikiuadhibu kwa kukata siku, ulizidi kumfanya ashindwe kulipa, na kushindwa kulipa kukamfanya awe mtoro tena.

Nilipoacha kazi, mimi na wenzangu wawili tulisajili shirika dogo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na mwaka wa kwanza wote tuliupoteza kwa kuomba. Tuliandika barua kwa wakurugenzi tukiwasihi wawasaidie wafanyakazi wa kipato cha chini. Tulichopata ni katoni za sabuni na picha nyingi za watu wamesimama mbele ya bango. Sabuni siidharau, maana iligawiwa na ikatumika, lakini haikuondoa hata jina moja kwenye safu ya watoro.

Mambo yalibadilika nilipokumbuka kwamba mimi ni mtu wa hesabu. Badala ya kumwendea mkurugenzi, nilimwendea mhasibu wa kiwanda kimoja nikiwa na karatasi ya ukurasa mmoja, nikamwomba ajaze mwenyewe tarakimu: wiki iliyopita mlikosa watu wangapi, waliobaki mliwalipa saa ngapi za ziada, mzigo uliofungashwa vibaya na vibarua wapya ulirudishwa mara ngapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na mhasibu anaijua bei hiyo bila kukumbushwa. Alijaza, akanyamaza, kisha akauliza sisi tunataka nini. Nilimweleza kwamba viwanda vitatu vilivyo jirani, ambavyo hakuna hata kimoja kingeweza kumwajiri afisa ustawi peke yake, vichangie afisa mmoja, kila kimoja kwa kadiri ya idadi ya wafanyakazi wake, na kwamba afisa huyo atakuwa mwajiriwa wetu, si wao.

Kazi za afisa wetu, ukizitazama kwa mbali, ni ndogo ndogo: huyu namba yake ya NIDA haijatoka, yule baba yake amelazwa Temeke na haelewi dirisha la kulipia, mwingine anataka kujua likizo ya uzazi inahesabiwaje. Lakini tulijua kwamba bila kugusa suala la mikopo tungekuwa tunafuta maji huku bomba likiwa wazi. Hapo tulikutana na ukuta wa kisheria, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, shirika kama letu haliwezi kuanza tu kukopesha watu bila leseni. Tulitafuta SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, iliyokuwa tayari kuwapokea vibarua kama wanachama, tukakubaliana kwamba mkopo wa dharura ukatwe kwenye malipo ya kiwandani kwa ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe, na kwamba makato yawe madogo kiasi cha kumwachia nauli na chakula. Jambo ambalo nililiona dogo nikakosea ni sanduku la mwisho kwenye fomu, lililouliza kama mkopaji angependa makato yaendelee kama akiba baada ya deni kwisha. Wengi waliweka alama ya ndiyo. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuishi bila fedha ile, wakasema afadhali sasa iwe yao.

Kosa letu kubwa lilikuwa la usiri, nami ndiye niliyelifanya. Kwa mazoea ya ukarani niliweka nafasi ya sahihi ya msimamizi kwenye fomu. Wiki ya tatu mama mmoja alikuja kutuomba ruhusa ya kwenda kliniki, maana msimamizi alikuwa amemjibu mbele ya watu wote, "Juzi mkopo, leo ruhusa, kesho utataka nini?" Mwezi ule hakuna aliyekuja kuchukua fomu. Tuliziteketeza zote tukachapa nyingine, majina yakawa yanatoka SACCOS moja kwa moja hadi kwa mhasibu, na meza ya afisa, iliyokuwa ukumbini pembeni ya ofisi ya utumishi, tukaihamishia kwenye kibanda kilicho karibu na bomba la kunawia, mahali ambapo mtu anaweza kusimama dakika tano bila kuulizwa anafanya nini.

Hata hivyo swali lililokuwa likitusubiri lilikuwa gumu kuliko hilo. "Dada," kijana mmoja wa mashine alimwambia afisa wetu, "wewe ni mtu wa bosi au ni mtu wetu?" Alikuwa ameangalia michango yake ya NSSF kwa simu akakuta miezi kadhaa haipo, ilhali sehemu yake ilikuwa ikikatwa kila mwisho wa mwezi. Fedha za kumlipa afisa zilitoka kwa kiwanda hichohicho. Tulikaa na mkataba wetu usiku ule tukaona haukusema lolote kuhusu hali kama hiyo, na ukimya wa mkataba siku zote humfaa mwenye nguvu. Tuliandika kifungu kipya: tukigundua haki ya kisheria ya mfanyakazi haijatekelezwa, tutamjulisha mwajiri kwa barua, tutampa siku 30, na baada ya hapo tutamsindikiza mfanyakazi kwenye ofisi inayohusika. Viwanda viwili vilitia sahihi baada ya kunung'unika. Cha tatu, ambacho ndicho alikofanya kazi kijana yule, kilikataa, kikaacha kuchangia. Tulimsindikiza. Kwa miezi minane afisa wetu alilipwa na viwanda viwili na upungufu tuliufidia kwa kukata posho zetu wenyewe, mpaka kiwanda kingine cha jirani kilipokuja kuuliza, kwa kuwa mhasibu wake aliiona ile karatasi ya ukurasa mmoja kwa mwenzake.

Yule mama lishe bado yuko getini. Mwezi uliopita aliniita akanionyesha daftari lake la madeni, ambamo wateja wameandikwa kwa majina ya utani na kwa rangi ya ovaroli, akaniuliza mbona mpango wetu unamruka yeye anayewalisha wote hao kwa mkopo. Hana mwajiri, kwa hiyo hakuna mahali pa kukata. Tumewaunganisha mama lishe kumi na mmoja wa barabara ile katika kikundi, na kwa kuwa vikundi vya namna hiyo vinasajiliwa kupitia halmashauri katika daraja la nne la sheria ileile ya huduma ndogo za fedha, yaani daraja la vikundi vya kijamii, tulimpelekea afisa maendeleo ya jamii wa kata rasimu ya katiba yao. Ameirudisha Jumatatu. Anataka tueleze vizuri zaidi nani atakaa na funguo za sanduku, na kina mama wenyewe bado wanabishana.